Nani Anawasha Udi Nyumbani Kwangu?

Wapo walioniandikia wiki hii wakisema, "Hawo, sema ukweli, wazee watakusamehe." Jamani, ukweli gani? Nilichokuwa nacho siku ile ni plagi tu, na plagi haisimami mbele ya wazee ikajitetea.

Kwa aliyelikosa gazeti la Alhamisi iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Mume wangu Godana ana lori la kubeba ng'ombe kutoka mnada wa hapa Garsen, kupitia Hola, hadi Madogo, yeye na dereva wake. Siku tatu yuko huku, siku nne yuko kule. Miezi miwili iliyopita aliniletea plagi ya WiFi, kidude cheupe cha kuchomeka ukutani, ambacho mtu anakiwasha na kukizima kwa simu hata akiwa mbali. Tulihangaika nacho jioni nzima. Kilipepesa taa yake ya buluu, kikakataa kuiona WiFi ya nyumbani, Godana akikitukana, mpaka rafiki yangu Lorna mwenye duka la simu pale stendi akaja akatuonyesha kwamba paswadi tuliyoandika ina herufi moja ya ziada.

Kwenye plagi hiyo Godana alitaka nichomeke chetezo changu cha umeme. "Nikifika Minjila, pale njia panda karibu na nyumbani, nabonyeza," akaniambia. "Ukisikia harufu ya udi, jua mumeo yuko njiani, weka chai jikoni."

Nilicheka, nikafurahi. Nani hapendi kukumbukwa? Tangu siku hiyo kila baada ya Laasiri niliweka kipande cha udi kwenye chetezo, kwa sababu mtu wa barabarani hana siku maalumu ya kurudi.

Sasa lazima mjue, kwetu mke huwasha udi mume anaporudi nyumbani. Mume akiwa safarini, nyumba hukaa bila udi, na majirani wote wanajua. Basi jioni tatu, Godana yuko Madogo, udi ukawaka. Mama mkwe wangu, Dado, ambaye mlango wake na wangu unatazamana ndani ya boma moja, akausikia. Jioni ya pili akamwona Dzombo, yule muuza maji wa mkokoteni wa punda, akitoka kwangu na mitungi mitupu. Ikawa basi. Nikawa Hawo anayemwashia mwanamume mwingine udi.

Godana aliporudi hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba Ijumaa baada ya Laasiri tutakaa mbele ya ami yake, na nikionekana nina kosa ananipa talaka. Katika ukoo wao mwanamke akiachwa kwa aibu huondoka na nguo zake, mtoto anabaki. Binti yetu Muna ana miaka tisa. Ya talaka ningeyavumilia. Ya Muna, wallahi, hapana.

Basi Ijumaa ikafika.

Muna nilimwacha kwa nyanya yake, Mama Dado, tangu asubuhi. Lorna alikuja mapema. Alinikuta nafagia sebule kwa mara ya tatu, akaninyang'anya ufagio.

"Mama Muna, kaa chini. Kuna jambo hujaniambia?"

Lipo. Hata ninyi sikuwaambia wiki jana, niliona haya. Leo nalitoa.

Jioni ya kwanza udi ulipowaka nilikuwa uani nachambua mchele. Mama mkwe akaja mlangoni. "Hawo, Godana amerudi?" Nikasema hapana. "Sasa udi huu ni wa nani?"

Mimi mwenyewe sikujua umewakaje. Lakini jinsi alivyonitazama niliingiwa na woga, nikaropoka. "Nimewasha mimi, Mama. Nyumba ilikuwa inanuka unyevu."

Uongo wa sekunde moja! Jioni ya pili nilipomwambia umejiwasha wenyewe, akanijibu, "Juzi ulisema umewasha wewe." Huo ndio mzigo niliokuwa nautembeza kifuani siku zote hizo.

Lorna akashika kichwa. "Woi, Hawo! Sasa nani atakuamini?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akachukua simu yangu, akafungua ile programu ya plagi, akaipekua.

"Angalia hapa," akasema. "Inaweka kumbukumbu. Jioni zote tatu, saa kumi na mbili kasorobo. Hakuna mtu aliyebonyeza kitufe cha plagi yenyewe. Wala hakuna saa iliyopangwa. Iliwashwa kwa simu."

"Simu ya nani?"

"Kwako haionyeshi. Wewe umealikwa tu humu ndani. Mwenye akaunti ni mumeo. Tukiipata simu yake tunaona kila kitu."

Nilimshukuru Mungu pale pale. Niliona nimeshapona. Kumbe.

Tulikaa sebuleni kwangu, kwenye mkeka. Mwamuzi alikuwa Mzee Abdullahi, ami yake Godana, ambaye akishasema katika ukoo ule hakuna anayeongeza neno. Mama Dado alikaa pembeni yake na tasbihi. Godana alikaa karibu na mlango, mikono magotini. Upande wangu hapakuwa na mtu. Baba yangu amefariki, na kaka yangu yuko na mifugo huko Nanighi, simu yake haipatikani.

Mzee akamwonyesha Lorna kwa kidole. "Huyu binti wa watu anatafuta nini hapa?"

"Ni shahidi wangu, Ami."

"Alimwona mtu?"

"Hapana, Ami. Anaijua plagi."

Mzee akavuta pumzi. "Nimeamua kesi za ng'ombe. Nimeamua kesi za visima. Nimeamua kesi za mahindi ya watu wa Kulesa yaliyoliwa na mifugo yetu. Kesi ya plagi, leo ndiyo ya kwanza. Haya, aseme."

Lorna akaeleza vizuri, pole pole, kama alivyonieleza mimi. Kwamba imewashwa kwa simu. Kwamba mtu anaweza kuwa hata Mombasa akaiwasha.

"Simu yoyote?" Mzee aliuliza.

"Yoyote iliyounganishwa, Mzee."

"Ya Hawo imeunganishwa?"

Lorna akasita. "Imeunganishwa."

"Basi si ndiyo hiyo!" Mzee akapiga paja. "Ana simu mkononi, ana udi kwenye chetezo, anabonyeza. Mnataka nini tena?"

Shahidi wangu mwenyewe ndiye aliyenimaliza.

"Ngoja, Mzee, tafadhali," Lorna akasema haraka. "Simu ya Baba Muna ndiyo yenye akaunti. Tukiifungua itatutajia simu iliyobonyeza. Ni dakika moja."

Sote tukamgeukia Godana. Alikuwa amevaa shati lake la kijivu la safari, na simu inaonekana mfukoni kifuani.

"Simu yangu ina biashara za watu," akasema. "Simpi mtu wa stendi."

"Baba Muna, dakika moja tu," nikamwambia. "Ukinipenda."

"Mwenye kesi hapa ni mimi au ni wewe?"

Mzee akainua mkono. "Yaacheni masimu. Iko njia fupi. Hawo ataapa. Akiapa kwamba hakumwashia mtu udi, nitamwachia Mungu. Asipoapa, Godana, sema lako."

Mama Dado akainuka, akaleta Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, akauweka mbele yangu juu ya mto. Mimi nikaenda uani kutia udhu. Maji yalinimwagika zaidi ya nilivyonawa.

Sikuogopa kuapa kwamba sina mwanamume. Hilo ningeliapa hata usingizini. Niliogopa kuweka mkono juu ya Kitabu huku nina ule uongo wangu wa unyevu. Kwetu watu wameona mtu akiapa na uongo moyoni, na yaliyompata hayasimuliwi mbele ya watoto. Nilifikiri, Hawo, ukinyamaza hapa utaapa nusu, na nusu ile itakufuata mpaka kwa Muna.

Nikarudi, nikapiga magoti.

"Kabla sijaapa nina la kusema. Jioni ya kwanza nilimdanganya Mama. Nilimwambia nimewasha mimi. Sikuwasha. Niliogopa tu nisionekane mjinga. Mama, nisamehe."

Tasbihi ya mama mkwe ikasimama.

Godana akaruka juu. "Mnasikia? Mnasikia kwa masikio yenu? Amekiri ni mwongo! Sasa ataapa nini tena huyu? Ami, uwe shahidi. Mama, uwe shahidi. Mimi Godana..."

"Godana!" mama yake akamkatiza. "Subiri aape."

"Mwongo haapi, Mama!"

"Nimesema subiri."

Nikaweka mikono yote miwili juu ya Msahafu. Simu yangu ilikuwa kwenye mkeka, mbele ya Lorna. Mikono ya Lorna ilikuwa mapajani. Nikafumba macho, nikasema, "Wallahi, wabillahi, watallahi..."

Tik.

Sauti ndogo tu, kutoka ukutani nyuma ya Mzee. Taa ya plagi ikawaka. Taa nyekundu ya chetezo nayo ikawaka. Kipande cha udi cha juzi kilikuwa bado humo ndani, na haikuchukua muda moshi ukaanza kupanda, mwembamba, hadi darini. Harufu ikajaa sebule.

Mzee aligeuka pole pole, akatazama chetezo, akatazama mikono yangu juu ya Kitabu, akatazama simu yangu pale mkekani ambayo hakuna aliyeigusa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo.

"Audhubillahi!" akasema Mzee, akasogea mbali na ukuta.

Nililia. Sikuweza kujizuia, nililia kwa sauti huku nimeushika Msahafu. "Mmeona? Mmeona sasa? Ndivyo inavyonifanya!"

Na hapo ndipo Godana aliponishangaza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, lakini sauti yake ikawa tamu ghafla, sauti ambayo sikuisikia tangu aniletee ile plagi.

"Ami, hili ni jini," akasema. "Nyumba hii imeingiliwa. Masikini mke wangu hana kosa. Mama Muna, nimekuonea, nisamehe. Tumwite sheikh asome, yaishe. Ami, tuinuke, Magharibi inakaribia."

Akaenda mbio kwenye plagi, akataka kuichomoa.

Nitawaambia ukweli wangu wote. Nilitaka kukubali. Jini, shetani, chochote, mradi niambiwe sina kosa na Muna wangu abaki nami. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Ningelisema, na leo msingekuwa mnasoma habari zangu.

Mama mkwe ndiye aliyeniwahi. "Usiiguse hiyo," akamwambia mwanawe.

"Mama, ni jini!"

"Jini gani huyo?" Mama Dado alikuwa amesimama sasa, na sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile. "Mimi nimekaa na majini ya watu miaka sitini. Sijaona jini anayesubiri kwanza mwanangu avuke Hola ndipo awashe udi. Jioni ya kwanza ulikuwa Madogo. Ya pili, Madogo. Ya tatu, Madogo. Nani mwingine anajua safari zako hivyo? Toa simu."

"Mama, simu ina..."

Hakumngoja amalize. Alimwendea, akaingiza mkono mfukoni mwa shati lake akaitoa, kama anavyomtoa mtoto kitu mdomoni. Akamnyooshea. "Weka kidole ifunguke."

"Mama, mbele ya watu?"

"Kidole hicho nimekizaa mimi. Weka."

Godana akamtazama ami yake. Ami yake akatazama mkeka. Akaweka kidole.

Lorna akaipokea simu kwa mikono miwili. Nilikaa ubavuni kwake nikiona kila alichogusa. Alifungua programu ile ile ya plagi, na uso wake ukabadilika.

"Mama Muna," akaninong'oneza, "kwako kulikuwa na plagi moja tu, sivyo?"

"Moja. Hiyo hapo."

"Huku ziko mbili."

Nikaangalia. Vitufe viwili, kimoja juu ya kingine. Vyote vimeandikwa "Udi". Vyote vinaonyesha vimewashwa.

"Na simu zilizounganishwa ni tatu," Lorna akaendelea, sasa kwa sauti ya kusikika na wote. "Hii ya Baba Muna. Ya Hawo. Na hii ya tatu. Iliyowasha leo ni hii ya tatu. Na zile jioni zingine, hii hii ya tatu."

"Ni simu yangu ya zamani," Godana akasema haraka. "Iliibwa. Nilikwambia iliibwa sokoni, Mama Muna, si nilikwambia? Basi ni mwizi! Mwizi ndiye anayetuchezea!"

Ni kweli aliniambia imeibwa. Nilikumbuka hata jinsi nilivyompa pole. Mzee Abdullahi akaanza kutikisa kichwa kukubali, na nikaona Godana anapumua tena. Jamani, mtu huyu ana mdomo! Kila mlango ukifungwa anafungua dirisha.

"Plagi ya pili iko wapi?" nikamwuliza.

"Plagi gani?"

"Lorna, zima ile ya juu."

Lorna akabonyeza. Tik. Chetezo changu kikazima, taa nyekundu ikafa.

"Basi hiyo ni ya hapa. Ya chini iko wapi, Baba Muna?"

"Iko kwenye lori. Iko kwenye boksi. Sijui mimi."

Nikaichukua ile simu mkononi mwa Lorna. Nikabonyeza kitufe cha chini mwenyewe. Kikageuka kijivu. Imezima.

Tukakaa tukikitazama. Nilihesabu kimoyomoyo, sijui nilihesabu kwa nini. Sikufika kumi. Kitufe kikageuka kijani chenyewe. Imewaka.

Nikazima tena.

Ikawaka tena.

Mwizi wa simu hahangaiki na udi. Mahali fulani, saa ile ile, alikuwapo mtu amesimama mbele ya chetezo chake, anawasha, kinazimika, anawasha tena, anashangaa. Mtu anayesubiri mgeni wake afike nyumba inanukia.

Nikazima mara ya tatu. Safari hii haikuwaka.

Badala yake simu ya Godana ikaanza kuita mkononi mwangu. Jina likatokea kwenye kioo: Fundi Breki Madogo.

Godana akaruka kuidaka. Mzee Abdullahi, yule yule aliyekuwa ameshanihukumu, akamshika mkono. "Kaa," akamwambia. Akanigeukia. "Pokea, binti. Weka sauti kubwa."

Nikapokea. Sikusema kitu.

"Baba Idris," ikasema sauti ya mwanamke, laini, changa, na nyuma yake mtoto mdogo akibwabwaja. "Umeme wa huku leo una nini? Nimewasha zote mbili kama ulivyonifundisha, lakini hii yetu kila nikiiwasha inazima. Ile nyingine sijui, mimi sijui hata iko wapi, nabonyeza tu kila ukiniagiza, na leo nimebonyeza kwa mazoea."

Mama Dado alikaa chini taratibu, mkono kifuani. Mimi kitu kimoja tu kilikuwa kikizunguka kichwani. Nyumbani kwetu hakuna mtoto anayeitwa Idris.

Kwa hiyo Godana alijua. Aliniletea plagi mwenyewe, akanifundisha kuweka udi kila jioni, akaenda kukaa Madogo, akamwagiza mwanamke mwingine abonyeze ili mama yake anuse. Halafu akarudi hapa na uso wa huzuni kuniita mzinzi. Niliona uchungu. Angeniambia ameoa, ningelia, ningegomba, lakini ni haki yake. Kwa nini anichafue?

"Baba Idris? Halo? Unanisikia?"

"Nakusikia, dada," nikasema. "Lakini mimi si Baba Idris. Mimi naitwa Hawo. Ni mke wa Godana, wa hapa Garsen."

Nikasikia akimtua mtoto chini.

"Dada," akasema hatimaye, "mzaha gani huu wa kumtaja marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Hawo alikufa kwenye mafuriko. Mimi mwenyewe nilimsomea hitma, nilipika na kulisha watu. Mume wangu analia mpaka leo akimtaja. Wewe ni nani?"

Mzee Abdullahi alimwachia Godana mkono, akautazama mkono wake mwenyewe. Godana aliinamisha kichwa, hakutazama mtu. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwuliza alinizamisha wapi, maji yalinifika wapi, nani alinizika. Lakini yule mwanamke alikuwa bado anasema, na alichosema baadaye ndicho kilichonifanya nisahau kwamba nimekufa.

"Ukitaka ujue sidanganyi, hata mtoto wake namchukua mimi. Kitanda nimeshamtandikia, ubavuni mwa Idris. Udi huu nimewasha kwa ajili yake, asikie amepokewa. Masikini, hana mama."

"Mtoto yupi?" niliuliza, ingawa nilijua. Godana hana mwingine Garsen.

"Muna."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, Muna yuko wapi?"

Mama Dado akaiweka tasbihi chini. "Baba yake alimchukua baada ya sala ya Ijumaa. Alisema... alisema anampeleka kwa shangazi yake Kulesa, asiyasikie haya ya wakubwa. Mimi ndiye niliyemfungia nguo zake, Hawo. Mimi mwenyewe. Aliniambia nimwekee zote."

Lorna alikuwa ameshasimama, viatu mkononi.

"Dada," nikamwambia yule mwanamke, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu, "huyo mtoto yuko wapi saa hii?"

"Yuko kwenye lori," akajibu. "Dereva amenipigia sasa hivi. Wamepita Hola. Anasema mtoto analia tangu Minjila, anamwita mama yake, na ameambiwa akinyamaza atamkuta huku."